Maji Mekundu ya Magome

Je, wewe umewahi kuona ngozi mbichi ya mbuzi inavyobadilika ikilala ndani ya maji ya magome? Siku ya kwanza ni kitu kilegevu, kinateleza mkononi kama utumbo, na inzi wote wa kijiji cha Lopur wanaujua mlango wako. Ukiiacha humo kwenye maji mekundu, ukiigeuza asubuhi na jioni, inaanza kukaza. Vitundu vyake vinajifunga kimoja kimoja. Ukija kuitoa na kuianika kivulini, haiozi tena. Kilichokuwa laini kimeshikwa, na hakiachiliwi.

Nabei aliijua kazi hiyo kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, maana kioo hakuwa nacho. Magome aliyabandua kwenye migunga ya kando ya lagga, ule mto mkavu wa mchanga, akayatwanga kwa jiwe, akayachemsha, kisha akayamimina kwenye nusu ya pipa la plastiki la bluu lililokuwa nyuma ya nyumba. Aliyachemsha kwenye sufuria nyeupe, si kwenye karai la chuma. Zamani kidogo aliwahi kutumia karai lenye kutu, na maji yakageuka meusi tititi kama wino, ngozi zikaingia madoa ambayo jua lote la Turkana halikuweza kuyafuta. Tangu siku hiyo karai lilikaa mbali na magome. Alijua hivyo tu. Sababu hakuitafuta, kwa nini aitafute?

Huo ulikuwa mwaka wa 2012, watu wa Kakuma wakizungumza juu ya mafuta yaliyopatikana huko kusini, kila mtu ameshatajirika kwa mdomo. Nabei yeye alikuwa na mbuzi watano. Wengine wote waliliwa na ukame wa mwaka uliotangulia, na ngozi zao alizichuna mwenyewe, machozi yakimtoka huku kisu kinakwenda. Mbuzi watano si kundi. Huwezi kuwatoboa mshipa ukapata damu ya kuchanganya na maziwa, kama walivyofanya wazee wake. Mbuzi aliyekonda vile ukimtoa damu, umemchinja.

Mwanawe Adome alikuwa ameshuka ziwani, Ferguson's Gulf, kuvuta nyavu kwenye mashua za watu wengine, akamwachia mama yake mke. Namuar aliitwa, msichana wa kutoka Lokitaung, mrefu, mpole, na mimba ya kwanza tumboni.

Sasa, nyumba kama hiyo ina adabu yake. Mke mgeni ambaye hajazaa hasemi "sitaki" mbele ya mama mkwe, wala haombi kitu. Anapokea kwa mikono miwili anachopewa. Akishazaa, hata mara moja tu, mdomo unafunguka; ndipo anaweza kusema hiki nakipenda, hiki kinanishinda. Nabei mwenyewe alipita humo humo. Alikula mafuta ya kondoo yaliyomchafua moyo mpaka siku Adome alipolia kwa mara ya kwanza, na siku hiyo hiyo akasema, "Mafuta hayo sasa basi." Watu walicheka, na mafuta yakaisha. Namuar hakuhitaji kufundishwa. Alikuja nayo adabu hiyo kutoka kwao.

Kwa hiyo Nabei aliuliza kila asubuhi, kwa kupenda tu, akijua jibu:

"Mwanangu, unataka nini?"

"Hakuna, mama."

"Kabisa?"

"Niko sawa, mama."

Lakini hakuwa sawa. Akitoka kuchota maji kwenye kisima cha mchangani alikuwa anakaa chini njiani, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Alikuwa anamega udongo wa kichuguu na kuutafuna kwa siri, halafu anajifuta midomo. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, na ukilivuta kope la chini la jicho lake, ndani kulikuwa kweupe, hakuna hata uzi wa rangi.

Siku moja Riek alikuja na gunia begani. Huyo alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini aliyezoea kubadilishana nao: yeye analeta nafaka ya mgao wa kambi, wao wanampa kuni.

"Ejok, mama! Ngozi zako zinanuka mpaka kwa geti ya kambi."

"Ndizo zimekuonyesha njia. Vinginevyo ungepotea."

Riek akacheka, akatua gunia. "Leo ni mtama mwekundu tu. Mweupe mafish, hakuna kabisa. Watoto wangu wameukataa, wanasema unakwaruza ulimi."

"Lete. Mwekundu ndio wenye damu."

"Damu?" Riek akavua kofia yake, akamwonyesha. "Mama, hata hii kofia ni nyekundu. Damu iko wapi?"

"Na kichwa kilichokuwa chini yake, akili iko wapi? Weka hapo, chukua kuni zako uende."

Namuar alicheka kidogo, akiwa ameegemea nguzo. Nabei aliupenda sana mcheko ule. Alifikiri, mtama huu utamsaidia.

Walipokwenda zahanati, waliipata foleni imezunguka nyumba mpaka nyuma. Muuguzi alikuwa Jepkoech, mama wa Kikalenjin aliyehamia huku kikazi, mwenye sauti kali ya mtu aliyeamka mapema. Alimchoma Namuar kidole, akaangalia, akaangalia tena.

"Damu iko chini sana. Anajifungua mwezi wa pili, sivyo? Hivi alivyo, akimwaga damu kidogo tu, amekwisha. Na mtoto je? Mtoto anajengwa na nini?" Akampa pakiti ya vidonge vya madini ya chuma. "Kila siku. Asikose. Mama Adome, nakukabidhi wewe. Damu isipopanda kabla ya uchungu, mtakuja kulia hapa mbele yangu."

"Nitamlisha kwa mkono wangu," alisema Nabei.

Jepkoech alikuwa ameshamwita mwingine.

Kidonge cha kwanza Namuar alikimeza kwa maji, alfajiri, tumbo likiwa tupu tangu jana mchana. Kabla jua halijatoka vizuri alikuwa amekitapika nyuma ya ua. Nabei alisimama juu yake, mkono mgongoni, akaona dawa ile imelala mchangani. Ilimuuma. Maji, aliwaza, ni kitu baridi, hakina nguvu ya kushusha dawa. Siku ya pili akachemsha chai, majani mengi, rangi ya kahawa, sukari iliyobaki yote. Dawa ikashuka, ikakaa.

"Umeona?" alisema Nabei, amefurahi kama mtoto.

Halafu wazo likaja lenyewe, wala hakulitafuta. Kidonge chekundu, mtama mwekundu. Na yeye ana nini nyumbani kilicho chekundu kuliko vyote? Alichukua gome safi, si la pipani, akaliosha, akalitia kwenye sufuria ya chai. Mbona wanawake waliojifungua hunywa mchuzi wa magome? Chai ikatoka na rangi ya damu kabisa, ukiitazama kwenye jua. Akammiminia kikombe kikajaa.

Namuar akapokea kwa mikono miwili. Akaweka kidonge ulimini, akanywa. Mashavu yake yaliingia ndani, kama mtu aliyeuma tunda bichi. Akanywa mpaka mwisho. Kisha macho yake yakaenda kwenye mtungi wa njano wa maji, uliokuwa pale mlangoni, yakakaa hapo.

"Usihangaike na maji," alimwambia Nabei. "Nitakwenda kuchota mimi. Wewe pumzika." Akamwongeza nusu kikombe.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kidonge, kila asubuhi kikombe, na kila mara macho ya Namuar yanakwenda kwenye mtungi ule, na kila mara Nabei anachukua mtungi na kwenda lagga.

Kuna siku walikuwa wanapika edung, yale matunda madogo ya porini ambayo watu huyarudia chakula kikikatika. Edung haipikwi mara moja. Unachemsha, unamwaga maji, unaweka mengine, unachemsha tena, kutwa nzima, mpaka uchungu utoke. Namuar alikuwa ameshika kifuniko, Nabei akimwaga.

"Mama," Namuar alisema taratibu, "kama mtu akiyanywa haya maji?"

"Haya? Yanafunga tumbo. Uchungu wake unakishika chakula, kinapita ndani yako kama mgeni asiyekaribishwa. Kwani mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

Namuar akatazama kikombe cha asubuhi, kilichokuwa bado kiko kwenye jiwe, na mduara mwekundu umekauka chini yake. Akafungua mdomo. Nabei alimwona akiufungua. Kisha akaufunga, akaweka kifuniko mahali pake, na moshi ukawaingia wote wawili machoni.

Waliporudi zahanati, Jepkoech alipima, uso ukamkunjika.

"Imeshuka. Mama Adome, vidonge vinakwenda wapi?"

"Anameza. Namwona kwa macho yangu."

"Mnaviuza?"

"Nimuuzie nani, mbuzi?"

Akina mama wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Jepkoech hakucheka. "Mama, mzaha haupandishi damu. Mimi ndiye nitaandikwa akifa." Akamgeukia Namuar. "Wewe, niambie ukweli, usimwogope mtu. Unavimeza?"

"Navimeza."

"Kila siku?"

Namuar alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Kila siku."

Muuguzi akashusha pumzi. Alimpa dawa ya minyoo, akampima malaria, akaongeza vidonge: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Nje watu walikuwa wanapiga kelele foleni isonge. Nabei alitoka na hasira za kuitwa mwongo, na njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Atamwonyesha mama yule. Atampandisha Namuar damu mpaka imtoke puani.

Vidonge viwili vikawa vikombe viwili. Akaongeza magome. Chai ikawa nzito, ikawa inaacha utando kwenye meno. Namuar akapokea kwa mikono miwili, asubuhi na jioni. Uji wa mtama wa Riek ukafuata nyuma ya chai, na baada ya uji hakukuwa na kitu kingine.

Mwaka ukageuka. Magari ya kampeni yalikuwa yanapita Kakuma na vipaza sauti, yakiahidi visima na barabara. Miguu ya Namuar ilivimba. Alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala, na moyo wake unapiga mpaka unauona kwenye shingo. Siku Jepkoech alipompima tena, hakumkaripia mtu. Aliita gari la wagonjwa.

"Nenda naye Lodwar," alimwambia Nabei kwa sauti ambayo Nabei hakuwahi kuisikia kwake. "Huku sina damu ya kumwongeza. Nenda, mama."

Nabei akapanda na shuka moja na chupa ya chai aliyoijaza moto. Lami ya barabara ile ilikuwa imeliwa yote, yakabaki mashimo, na kila shimo Namuar alishika tumbo bila kutoa sauti. Nabei aliikumbatia chupa ya chai isimwagike.

Wodini Lodwar kulikuwa na muuguzi aitwaye Helen, Mturkana wa mjini, mwembamba, asiye na haraka. Jioni aligawa vidonge, akampa na Namuar. Nabei akafungua chupa yake.

"Ata," alisema Helen, akimwita bibi kwa heshima ya nyumbani, "unampa nini hicho?"

"Chai yake ya kushushia dawa. Nimeitia gome la mgunga, iongeze damu."

"Amekuwa akinywa hii na vidonge?"

"Tangu mwanzo. Sijakosa hata siku moja," Nabei alijibu, na bado kulikuwa na fahari kidogo katika jibu hilo.

Namuar alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi. Muuguzi alichukua kidonge kimoja, akakiponda kwa kijiko juu ya kimeza, akamimina chai kidogo kwenye kikombe, akatia ule unga ndani, akakoroga.

"Tazama."

Wekundu ulisita. Ukawa zambarau, kama mahali mtu alipopigwa. Kisha ukawa mweusi, mweusi tititi, ukazunguka ndani ya kikombe na kutulia.

Nabei aliliona karai. Aliliona kabisa, na kutu yake, na ngozi zilizoharibika zimetundikwa juu ya ua.

"Kuna kitu kinaitwa tanini," Helen alikuwa anaeleza polepole. "Kiko kwenye majani ya chai, kwenye magome ndio kingi kabisa, hata kwenye mtama mwekundu kipo. Kikikutana na chuma tumboni vinashikana. Mwili hauwezi kukifyonza tena hicho chuma, kinatoka hivyo hivyo kama kilivyoingia. Sisemi ni chai peke yake, ata. Nyama hamna, maziwa hamna, ujauzito nao unakula. Lakini vidonge ndivyo vilivyokuwa vimuinue."

"Inakaza," alisema Nabei.

"Ndiyo, unaweza kusema hivyo."

"Mimi natengeneza ngozi. Nilikuwa namkaza."

"Hukujua, ata."

"Karai nililijua."

Helen hakuelewa habari ya karai, na Nabei hakumweleza. Aliuliza jambo moja tu: "Tukianza leo na maji?"

"Maji matupu, ndiyo. Ukipata ukwaju au ndimu, bora zaidi. Chai akitaka, anywe baadaye kabisa, mbali na dawa na mbali na chakula. Tumeshaanza kutafuta mtu wa kumtolea damu. Lakini damu ya kwake mwenyewe haijengwi kwa siku chache. Siwezi kukudanganya."

Nabei alikwenda nje, ukutani, akaipindua chupa. Mchanga ukanywa yote, ukabaki na doa.

Namuar alipoamka, alipewa kidonge na kikombe cha maji. Alikitazama kikombe kile muda mrefu. Alikunywa chote, taratibu, bila kukunja uso, na kilipokuwa tupu hakukirudisha. Alikilaza kifuani, akalala nacho. Nabei hakumwambia kitu. Maneno yalikuwepo, lakini yalikuwa yamekwama mahali fulani chini ya koo, na kila alipojaribu kuyatoa, alisema jambo jingine: jua ni kali, Adome ametumiwa salamu.

Uchungu haukungoja. Ulianza kabla ya wakati wake, na mchana wa siku hiyo mtoto akatoka, msichana, mdogo kama sungura aliyechunwa, rangi yake imepauka. Alilia mara chache, kilio chembamba kama mlango unaofunguliwa kwa uangalifu. Nabei alimshika. Alizihesabu kucha zake, zilikuwa nzuri zote, zimekamilika. Kabla jua halijashuka, kile kifua kikaacha kupanda, na Helen akamchukua kutoka mikononi mwake kwa upole, kana kwamba bado anaweza kuamka.

Namuar alitoka damu, si nyingi. Mwanamke mwingine angeinuka kesho yake. Yeye alizama. Macho yakageuka, midomo ikawa na rangi ya majivu. Adome aliingia wodini akitoka ziwani moja kwa moja, ananuka samaki, na kabla hajaketi walishamlaza kwenye kitanda kingine na kumfunga mkono. Damu yake ilikubaliana na ya mkewe. Nabei aliitazama ikishuka kwenye mpira, tone kwa tone, nyekundu ya kweli, isiyo na gome ndani yake.

Namuar akaishi. Mtoto walimzika Lodwar, Adome na wanaume wawili wa ukoo, na hakupewa jina.

Lopur waliikuta kama walivyoiacha, ila maji ya pipa yalikuwa yamekauka na ngozi iliyosahaulika ndani imekuwa ngumu kama ubao. Adome aliuza mbuzi mmoja akanunua maini na nyama, akarudi ziwani, maana kazi haingoji. Riek alikuja, akaleta maharagwe badala ya mtama, akakaa kidogo na kofia yake mikononi, hakutania mtu. Nabei alifunga majani ya chai kwenye kitambaa, akayaweka juu kabisa, kwenye paa. Vidonge bado vilikuwepo. Kila asubuhi alimpa Namuar kimoja, baada ya chakula, na kikombe cha maji, na ukwaju aliounyonya kidogo kidogo.

Na lile neno bado lilikuwa limekwama.

Asubuhi moja Namuar alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kwenye jua. Ndani ya kope zake kulikuwa kumeanza kuingia rangi, kidogo tu. Maziwa yake yalikuwa yamekauka wiki hiyo. Nabei alikuja na kikombe, akaketi kando yake, na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kusema lile la kweli, alisema lile la kila siku.

"Mwanangu, unataka nini?"

Alikuwa anangoja "Hakuna, mama". Halikuja.

"Mama," alisema Namuar, akitazama lagga, "mimi sasa nimezaa?"

"Umezaa."

"Hata kama hayupo?"

"Hata kama hayupo. Umezaa, mwanangu. Sema."

Namuar alikichukua kikombe. Alikichukua kwa mkono mmoja.

"Siku ile ya kwanza nilitapika kwa sababu ya njaa. Haikuwa kwa sababu ya maji. Halafu ukaniletea chai, ikanifunga ulimi, ikanifunga tumbo, na kila siku nikawa nautazama mtungi, nikifikiri labda leo utaniona." Akanywa funda moja. "Nilikuwa nataka maji, mama. Maji tu."